Mama Yako Yuko Nyumbani

Dada yangu aliitwa mama na watoto wa watu mpaka akachoka kuitika. Aliitwa mama sokoni, kituoni, kwenye foleni ya hospitali, na wanaume wenye vipara ambao yeye ndiye aliyewashika mkono wakaandika herufi yao ya kwanza. Wa kwake mwenyewe, aliyemzaa kwa taabu mimi nikiwa nimemshika mabega, alimwita Mwalimu. Na Dada hakuwa akitaka kitu kingine katika dunia hii ila mtoto yule amwite mama. Nitaeleza jinsi alivyokikosa, na sitampamba. Waliompamba wanatosha.

Shuleni walimwita Mwalimu Kengele. Si kwamba alipiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwenye nguzo, na mlinzi ndiye aliyekipiga pale alipokumbuka. Ilikuwa sauti yake. Akisema "a" darasani, mimi niliyekaa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha nyumba za walimu, ng'ambo ya uwanja, nilijikuta naitikia "a" na pini mdomoni.

Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi. Walimu wengine walilikimbia darasa hilo kama wanavyokimbia deni. Watoto wanalia, wanajikojolea, mmoja anakula penseli na mwingine anamchoma nayo mwenzake. Dada walipotaka kumpandisha madarasa ya juu, alikataa. Alisema mtoto akiharibiwa pale mwanzoni, huko mbele mnatia viraka tu. Mimi ni fundi nguo, nikamwelewa. Kitambaa kikikatwa vibaya hakuna mshono wa kukiokoa.

Ubaya ni kwamba sauti ile ilikuwa na mwisho wake. Alirudi mchana koo limekauka kwa vumbi la chaki, na hapo ndipo zamu yetu ilipoanza, sisi wa nyumbani, tukakuta chombo kitupu. Tuliishi kwa makofi na vidole. Kofi moja, njoo. Makofi mawili, acha hiyo. Kidole shavuni, nenda ukalale. Mtoto wake aliijua lugha hiyo kabla hajajua kusema, na wageni walidhani tuna bubu ndani.

Baba wa mtoto alikuwa mwashi. Aliondoka kwenda kutafuta kazi mji mwingine. Kazi aliipata, na mke juu yake. Basi tukabaki watatu katika nyumba ile ya vyumba viwili, Dada, mimi na binti huyo, ambaye nilimpa jina la Kifungo kwa kuwa alikulia chini ya cherehani yangu akichezea vifungo. Kimoja alikimeza, tukakaa tukikisubiri kama mgeni wa heshima.

Kifungo alimpenda mama yake mpaka ikawa kero. Saa za kutoka shule alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, mikono ameikalia, macho uwanjani. Akimwona tu anaanza. Mama, umechelewa. Mama, nimekula. Mama, mama mdogo amenikaripia. Mama, mama, mama, mpaka Dada, ambaye hakuwa na sauti ya kumjibu, alimfunika mdomo kwa kiganja cheupe chaki huku akicheka. Mtoto alibaki na alama ya vidole mashavuni na hakutaka ioshwe. Nataka jambo hili likumbukwe, kwa sababu baadaye watu walisema mtoto yule alizaliwa na moyo mgumu.

Akafika umri wa kuanza shule. Darasa la kwanza lilikuwa moja tu na mwalimu wake mmoja. Mkuu wa shule, mtu mfupi aliyependa vikao, akamwita Dada ofisini.

"Mwalimu," alimwambia, "ukivuka geti lile huna mtoto. Una wanafunzi. Wazazi wana macho, na wakikosa cha kuona wanabuni."

Sheria hiyo haikuwa mpya. Watoto wote wa walimu wanaijua: shuleni mzazi wako ni Mwalimu, nyumbani ni mama. Wenzake Dada waliichukua kama sheria nyingine yoyote, kwa kuilegeza kidogo. Mtoto aliteleza ulimi, darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, yakaisha. Lakini Dada hakujua kufanya jambo nusu. Aliamua mtoto aanze mazoezi mapema, nyumbani humohumo, kabla shule haijafunguliwa.

"Dada," nikamwambia, "huyu ni mtoto mdogo. Kichwa chake hakina vyumba viwili."

"Ndiyo maana nataka azoee kimoja kwanza."

"Na akizoea asiweze kuacha?"

"Ataacha. Mimi ni mama yake, nitakwenda wapi?"

Alinijibu bila hata kuinua macho kwenye maandalio yake. Hivyo ndivyo watu wanaojua kazi yao wanavyokosea, bila wasiwasi wowote.

Shule ikafunguliwa. Siku za mwanzo Kifungo alijitahidi, akawa anaita Mwalimu kwa sauti ndogo, akimtazama Dada usoni kama anayeuliza mchezo huu unaisha lini. Kisha akaanguka. Ilikuwa mapumziko, walikuwa wakikimbizana karibu na bomba, akateleza kwenye kokoto na goti likafunguka. Wenzake wakamsindikiza mpaka darasani, Dada akiwa tayari ubaoni anaandika somo linalofuata. Mimi sikuyaona haya. Niliyasikia, maana madirisha ya darasa hayakuwa na vioo na sauti ya Dada haikuhitaji ruhusa kuvuka uwanja. Kwanza nilisikia kilio, na ndani ya kilio kile neno moja, "Mama." Watoto wakacheka. Halafu nikamsikia Dada.

"Mama yako yuko nyumbani. Mimi ni nani?"

Kilio kikakatika.

"Mimi ni nani?"

Mtoto akajibu kitu, sikukisikia.

"Vizuri. Kaa chini."

Nilitoa mguu kwenye cherehani. Nilijiambia ngoja, pengine anamfuta damu. Alimfuta, ni kweli. Alimfuta baada ya kipindi, kwa kitambaa cha ubao, kama ambavyo angemfuta mwingine yeyote, na jambo hilo aliliona ni fahari.

Darasa la kwanza liliruhusiwa mapema kuliko wengine. Kifungo akaja mbio peke yake, akanipita kibarazani bila salamu. Aliingia chumbani kwao, akafunua pazia. Akaenda jikoni. Akaenda bafuni. Nilisikia akivuta mlango wa kabati la vyombo, ule unaolia. Kisha akatoka akasimama mbele yangu, soksi imeganda damu.

"Mama mdogo, mama yuko wapi?"

"Si umemwacha shule?"

"Amesema mama yuko nyumbani."

Nilimpakata nikamwosha goti, naye akawa anageuka kutazama mlangoni, anasubiri atokee yule aliyeambiwa yuko humu ndani. Hasira niliyoipata bado ninayo, na wala siitafutii dawa.

Dada aliporudi, koo limekwisha, akapiga kofi moja. Njoo. Kifungo akaenda, akasimama wima mbele yake.

"Abee, Mwalimu."

Dada akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda ubishi. "Umeona?" akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Anajifunza haraka."

Alijifunza kweli. Likizo ilipofika Dada alitangaza kwamba sasa mazoezi yamekwisha, nyumbani aitwe mama. "Sawa, Mwalimu," akasema Kifungo, na hakuwa akifanya mzaha. Dada akacheka. Juma la pili hakucheka. Akajaribu ukali, akasema hataitika tena nyumbani akiitwa hivyo. Basi mtoto akaacha kumwita kabisa. Akimtaka, anakwenda karibu na kupiga kofi moja. Akikataa kitu, anapiga mawili. Dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha, angelalamika kwa nani?

Pale mtu mwingine angekaa chini akamwomba mtoto radhi. Dada akaona dawa ni muda. Samaki hukunjwa angali mbichi, wanasema, lakini hawasemi ukishamkunja vibaya unamkunjuaje.

Na wakati huo sifa zilikuwa zinamwagika. Mwalimu asiyependelea. Mwalimu mwenye haki. Wazazi walewale wenye macho sasa walikuwa wakimleta kila mtoto mgumu kwake. Mwalimu ni mzazi wa pili, walimwambia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba huyu alikuwa pia mzazi wa kwanza wa mtu. Dada alikaa na watoto wa watu mpaka jua linapungua, wale wasioweza kutofautisha herufi na wale waliokuja bila kula. Mmoja wao alikuwa binti wa mpishi wa shule, mtoto mwenye akili kali na viatu vya kuazima. Dada alimkalisha mezani kwetu, upande wa pili wa Kifungo, wakasoma pamoja miaka yote ya shule ya msingi. Na yule binti wa mpishi, kwa mapenzi yake mwenyewe, akaanza kumwita Dada mama. Kifungo alisikia. Alikuwa anachonga penseli, akaendelea kuchonga mpaka ikabaki kipande.

Walipomaliza darasa la mwisho, wawili hao walilingana alama, na nafasi katika shule nzuri ya bweni ilikuwa moja. Walimu wakakaa kikao. Wengi walimtaka Kifungo, kwa heshima ya mama yake. Dada akanyoosha mkono.

"Mpeni wa mpishi," akasema. "Wangu ana mama mwalimu. Ataendelea popote."

Alikuja kutuambia mwenyewe, jikoni, amesimama. Kifungo alikuwa anaosha vikombe. Nilimwona Dada akimtazama mgongo, na ninajua alichokuwa anakisubiri. Alitaka mtoto alie, atupe kikombe, aseme wewe mama gani. Angalau neno lile lingetoka.

"Sawa, Mwalimu," Kifungo akasema, na kusuuza kikombe kingine.

Sare ya bweni ya binti wa mpishi niliishona mimi. Kifungo ndiye aliyenishikia kitambaa nikikata. Alikishika vizuri, hakikucheza hata kidogo.

Sitasema Kifungo aliharibikiwa. Alisoma shule ya kutwa, akaajiriwa katika kiwanda cha mikate, akapanda mpaka akawa msimamizi wa zamu. Akaolewa na fundi umeme mpole anayecheka polepole. Siku ya harusi alitutambulisha kwa wakwe: "Huyu ni mama mdogo wangu, na huyu ni Mwalimu." Wakwe wakacheka, wakadhani ni utani wa nyumbani. Dada naye akacheka. Mimi ndiye niliyeshona gauni la Dada la siku ile, nikaona jinsi mshono wa kifuani ulivyokuwa ukipanda na kushuka.

Siku ya kumuaga Dada kazini, viti viliazimwa mpaka shule za jirani. Binti wa mpishi alikuwa sasa daktari mkubwa, na kila mtu alimwita Daktari, hata mama yake mpishi. Alisimama akasema ana mama wawili, mmoja alimpikia na mmoja alimfundisha, kisha akamkumbatia Dada mbele ya watu wote. Watu wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Kifungo alikaa safu ya nyuma na bintiye mapajani. Alipiga makofi kama wengine, si zaidi, si pungufu. Mshereheshaji, mtu asiyejua kunyamaza, akamtafuta na kipaza sauti.

"Na sasa tumsikie mtoto wa damu."

Kifungo akasimama. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nakushukuru kwa kunifundisha kusoma."

Akakaa. Wakamsifu kwa adabu yake.

Nyumba ya shule ilikuwa lazima irudishwe. Kifungo akaja na gari la mizigo, akatuchukua wote wawili, Dada na mimi na cherehani. Alimpa Dada chumba chenye dirisha la uani, akamnunulia godoro gumu kwa ajili ya mgongo, akajua kabla yangu kwamba chai anainywa bila sukari siku hizi. Ukitaka kumlaumu, hupati pa kushika. Lakini mtoto wake mdogo alikuwa wa aina ileile ya zamani, mama huku, mama kule, mama nimemaliza. Kila neno lile lilipotamkwa ndani ya nyumba, Dada aligeuka. Kisha alikumbuka si lake, akajifanya anatazama saa ukutani.

Siku moja akavumilia akashindwa. Kifungo alikuwa anakunja nguo, mimi napiga pasi.

"Nimestaafu sasa," Dada akasema. "Hakuna tena darasa. Unaweza kuniita mama."

Kifungo aliikunja shuka mpaka ikawa ndogo sana. "Nimesikia, Mwalimu," akasema, na alipojisikia alivyosema, akaondoka na zile nguo.

Nilimfuata jikoni nimevimba. Nilimwambia mtu mzima hanyimwi neno moja, hata fukara hulitoa.

"Mama mdogo, mwenzio nalijaribu," akanijibu. "Nikiwa kwenye basi nalisema, linatoka vizuri tu. Nikifika mlangoni nikamwona, linageuka."

"Liseme hata kwa uongo."

"Kwa uongo? Yule? Si unamjua anavyosahihisha."

Tulicheka, tukiwa tumeshikilia sinki, na yeye akalia kidogo. Nikajua hakuwa amelificha neno lile kumkomoa mtu. Nilimwamini, na hasira yangu ikakosa pa kukaa, ikarudi kwa Dada mwenyewe.

Halafu Dada akaanza kupotea. Kwanza miwani, kisha majina, kisha siku. Alivaa viatu asubuhi akasimama mlangoni akingoja kengele. Daktari alikuja mwenyewe nyumbani, akampima, akamwuliza maswali kwa upole, akatuambia ubongo unazeeka vibaya na hakuna kidonge cha kuurudisha. Dada alimwita "mama muuguzi" na kumwomba aonyeshe kucha. Daktari akaonyesha mikono yake kama mwanafunzi, mbele na nyuma, kisha akatoka nje akakaa garini muda mrefu.

Kitu cha ajabu ni sauti. Ile sauti aliyoimaliza kwa watoto wa watu, iliyotufanya sisi tuishi kwa makofi, ilirudi yote. Alipanga viti vya sebuleni safu mbili akaanza kusomesha, na majirani walimsikia mpaka barabarani. Tulijifunza kwamba ukitaka ale, uketi kwenye kiti uwe mwanafunzi, unyooshe mkono, uombe ruhusa. Mume wa Kifungo alikuwa mwanafunzi mtundu na aliadhibiwa kusimama kwenye kona. Mimi niliambiwa natafuna pini, jambo ambalo ni kweli. Kifungo aliketi kiti cha mbele, na Dada hakujua ni nani. Alimwita "wewe msichana wa mbele." Alimpenda lakini, ilionekana. Alikuwa akimsifu kuliko wote.

Alasiri moja nilikuwa nashona pindo la pazia pale pale sebuleni. Kifungo alitoka kazini, hajavua hata kofia ya kiwandani, unga umemkaa kwenye nyusi. Dada alikuwa amesimama mbele ya viti na kipande cha chaki alichopewa na mjukuu, vidole vyake vimekuwa vyeupe kama zamani. Kifungo akamwendea taratibu. Akaushika ule mkono wenye chaki, akauweka shavuni kwake, ukaacha alama. Mguu wangu ukatoka kwenye cherehani.

"Mama," akasema.

Lilitoka zima. Lilitoka kama lilivyokuwa kwenye ngazi ya kibaraza, halikupungua kitu. Nilimtazama dada yangu. Nilisema moyoni, pokea, kwa jina la Mungu pokea, ndicho kile ulichokuwa unakitaka.

Dada alimtazama kwa subira yake yote, ile aliyokuwa nayo kwa watoto wa watu. Akauvuta mkono wake, pole pole, ili asimwaibishe mbele ya wenzake.

"Mama yako yuko nyumbani," akasema. "Mimi ni nani?"

Kifungo akavua kofia ya kiwandani.

"Mimi ni nani?"

Akanyoosha mgongo. Alama ya chaki ilikuwa bado shavuni.

"Mwalimu."

"Vizuri," Dada akasema. "Kaa chini."

Kifungo akakaa.